Miguu Imejaa Kidogo, Si Kitu

Jumapili, Machi 3

Binti yangu kanipa daftari hili na kalamu mbili, ya pili ya akiba maana ananijua. Kasema, "Baba, kila siku uandike hali ya mama. Kasemaje, kala nini, miguu ikoje. Daktari akiuliza tusibaki tunakuna vichwa." Nikamwambia mimi nimekuwa kinyozi maisha yangu yote, vichwa vya watu nimevikuna vya kutosha, na hiki changu upara umeshakimaliza. Hakucheka. Hawa waliosoma, kicheko chao kina ratiba.

Haya, naanza. Mke wangu figo zake zimestaafu kabla ya mwenyewe. Damu yake inasafishwa kwa mashine pale kliniki, Jumanne na Ijumaa. Jioni ya kuamkia zamu unaingia ujumbe kwenye simu: njoo kesho, kiti fulani. Bila ujumbe hakuna kiti. Leo nimemuuliza hali. Kasema: miguu imejaa kidogo, si kitu.

Jumatatu, Machi 4

Mvua ya kwanza ya masika. Bati linavuja palepale pa mwaka jana, halina hata aibu ya kubadilisha mahali. Miguu imejaa kidogo, si kitu. Ujumbe umeingia.

Jumanne, Machi 5

Kliniki. Kiti cha jirani na cha mke wangu hukaa Fundi Cherehani, mzee mwenzangu, mshona nguo, mdomo wake mkali kuliko mkasi wake. Leo kanitazama kutoka chini hadi juu akasema, "Hiyo suruali umerithi kwa marehemu gani?"

Nikamwambia ni yangu, ila mimi ndiye niliyepungua.

"Vua nikupunguzie na yenyewe."

"Nivue hapa, mbele ya nesi?"

"Nesi keshaona mabaya zaidi," akasema mke wangu, macho kayafumba, sindano mkononi. Wakacheka wote wawili, mashine zikizunguka, damu zao zikipita kwenye mipira. Nimerudi nyumbani nikabadilisha nguo, nikampelekea Fundi ile suruali aipunguze kabla hajatoka. Kasema nitaipata nikiwa na adabu.

Miguu vilevile.

Jumatano, Machi 6

Leo nimemuuliza binti hasa anafanya kazi gani, maana tangu ahamie hapa kumsaidia mama yake, kutwa yuko mezani pale sebuleni anaikodolea kompyuta kama mtu anayengoja maji yachemke.

Kanieleza taratibu, kama mtu anayemlisha mtoto. Mfumo unaogawa zamu za kliniki ndio kampuni yao inauendesha. Haukai kliniki. Unakaa kwenye wingu, yaani kompyuta za watu wengine, mbali huko, za kukodi. Ndani yake kuna programu ndogondogo, kila moja na kontena lake na kazi yake: moja inapokea majina, moja inagawa viti, moja inatuma ujumbe. Na kila moja ikifanya jambo inaandika mstari: nimefanya hiki, nimeshindwa kile. Mistari hiyo wanaiita logi. Yeye kazi yake ni kuikusanya na kuitazama.

"Kumbe wewe mbea wa kulipwa," nikasema.

"Ndiyo, baba. Nimerithi kwa kinyozi."

Hapo kanipata.

Kasema hayo makontena yanakufa kila siku. Likizidiwa na kazi linauawa, palepale linazaliwa jingine la kazi ileile. Nikauliza, na lile lililokufa? Kasema linakwenda na maneno yake, ila yale waliyowahi kuyakusanya. Nikamwambia huko kwenye wingu lao kuna ukatili. Kasema ndiyo maana anahitajika mbea.

Miguu imejaa kidogo, si kitu.

Ijumaa, Machi 8

Kliniki. Mvua. Miguu vilevile.

Jumapili, Machi 10

Vilevile.

Jumatatu, Machi 11

Ujumbe umeingia. Vilevile.

Jumatano, Machi 13

Bosi wa binti nimempa jina: Bwana Kijani. Kwenye kompyuta kuna ubao wenye taa, kijani maana yake mambo safi, nyekundu maana yake kimbia. Basi kila asubuhi sauti inatoka kwenye kompyuta, "Vipi, kijani?" na binti anajibu, "Kijani, bosi." Wameridhika. Mimi nikimuuliza mke wangu hali kwa mtindo huo atanirushia kandambili.

Leo Bwana Kijani kamsifu binti kwa kichujio alichoweka. Nikauliza kichujio gani. Kasema masika barabara zinajaa maji, wagonjwa wengi wanaomba kubadilishiwa zamu, programu zinazidiwa zinapiga kelele, mstari uleule mara maelfu. Kengele inalia kutwa, hakuna anayeisikia tena. Na kuihifadhi yote ni gharama. Basi kaweka kichujio: mistari inayofanana, unabaki mmoja tu, mingine inatupwa.

Nimeipenda hiyo. Mtoto ana akili, kachukua kwa mama yake. Na mimi kuanzia leo nimeweka kichujio. Habari ya miguu ni ileile kila siku, sitairudia. Ikiwa nyingine nitaandika. Karatasi zitabaki kwa mambo ya maana.

Alhamisi, Machi 14

Jambo la maana: chura kaingia kwenye ndoo inayokinga maji ya bati. Kaimba mpaka binti katoka chumbani na fagio.

Jumapili, Machi 17

Mvua. Chura karudi, au ni ndugu yake.

Jumatatu, Machi 18

Ujumbe haujaingia. Mke wangu kasema watatuma asubuhi.

Jumanne, Machi 19

Asubuhi hamna ujumbe. Tukaenda hivyohivyo, mke wangu kajifunika koti langu la mvua, mimi nikalowa kama kitambaa cha deki.

Nesi akanisalimia vizuri, "Shikamoo, mzee," kisha akatazama kompyuta yake, akatazama tena. "Mama hayupo kwenye orodha ya leo."

"Yupo hapo mbele yako."

"Namwona, baba. Lakini viti vyote vina watu, na hao ndio walio kwenye orodha. Nimtoe nani?"

Nikatazama. Kweli kila kiti kina mtu, na hakuna hata mmoja wa kuonewa kijicho. Nesi si mbaya. Kaingiza upya jina la mke wangu tukimwona, kompyuta ikatoa alama ya tiki. "Imekubali. Alhamisi jioni mtapata ujumbe."

Fundi Cherehani hakuwepo, kiti chake kakaa mwanamke nisiyemjua. Nilidhani kabadilishiwa siku, kanikimbia na suruali yangu.

Jumatano, Machi 20

Nimegombana na binti. Nilimwambia mbea wake kalala usingizi. Kafungua kompyuta mbele yangu, taa zote kijani, kasema, "Baba, tazama. Kila ombi limepokelewa. Kuna kosa moja dogo la jana na moja la juzi, hayo ni ya kawaida masika. Kliniki ndio wanakosea."

"Basi mwingize mama yako kwa mkono."

"Siwezi. Hiyo si kazi yangu, na hata ningeweza, ningemtoa mtu ambaye simjui."

Nikamwambia mtu usiyemjua ni rahisi kumtoa. Nilisema kwa hasira na neno hilo sijalifuta. Kaenda kukaa na mama yake, wakazima redio aliyokuwa anaisikiliza mama.

Alhamisi, Machi 21

Ujumbe haujaingia.

Ijumaa, Machi 22

Tumekaa benchi la kliniki tangu mlango unafunguliwa. Mke wangu haongei sana siku hizi, anahesabu pumzi. Nimemtania kwamba nilimwoa kwa maneno mengi sasa amebana matumizi. Kanishika mkono.

Mchana mgonjwa mmoja kakwama kwenye mafuriko, nesi katuita harakaharaka tukapata nusu ya zamu yake. Nusu. Kama kunyolewa upande mmoja. Nesi kaingiza jina tena, tiki ikaja tena. Nikamwuliza Fundi Cherehani yuko wapi. Kasema, "Hata yeye hayupo kwenye orodha, mzee. Nadhani kahama."

Jumapili, Machi 24

Mvua. Hata chura hayupo.

Jumatatu, Machi 25

Ujumbe haujaingia. Simu nimeiweka juu ya meza, skrini juu, sote watatu tunaizunguka kama inataka kujifungua.

Jumanne, Machi 26

Tumekwenda. Tumerudi. Viti vimejaa.

Nilipiga magoti. Naliandika hili kwa sababu nimejiahidi kuandika yanayobadilika, na mimi sijawahi kumpigia mtu magoti. Nilimpigia nesi, pale mapokezi, watu wakitazama. Nesi kaniinua, naye analia. "Baba, usinifanyie hivyo. Nikimweka mama, huyu hapa anakufa. Unataka nichague mimi?" Kanipa barua ya hospitali kubwa, ila daraja la kwenda huko maji yamepita juu yake.

Jioni binti alizungumza na Bwana Kijani. Nilisikia yote, sauti iko wazi. "Bosi, mama yangu kaingizwa mara mbili, na mara zote hayupo."

"Ubao unasemaje?"

"Kijani."

"Basi. Usilete mambo ya nyumbani kazini."

Alhamisi, Machi 28

Hii siku sijui nianzie wapi. Nitaandika yote.

Mke wangu kaamka hawezi kulala chini, akilala anazama. Kaketi kitandani, mdomo wazi, akivuta hewa kama aliyekimbia. Midomo ya kijivu. Nikamwita, "Bibie." Kanitazama kama mtu aliye ng'ambo ya barabara. Jirani yetu muuza magodoro ana gari dogo la mizigo, tukampandisha nyuma, juu ya magodoro mawili, turubai juu yetu. Binti kakumbatia kompyuta yake chini ya nguo, maana wiki hii zamu ya kutazama ni yake na haruhusiwi kuiacha. Barabarani maji yalifika kwenye magurudumu. Muuza magodoro kila shimo anaomba radhi, "Samahani, mama. Samahani, mama." Mimi nilimwambia mke wangu leo anasafiri kwa heshima, godoro jipya, halijatolewa hata nailoni. Nilitaka atukane tu. Hakutukana.

Safari hii hawakuuliza orodha. Daktari mwenyewe katoka. Mtu mmoja kakatishwa zamu yake, mwanamume mwenye tai, kainuka mwenyewe bila kuambiwa, kasema atangoja. Sijui jina lake. Wakamweka mke wangu, kichwa juu, mpira wa hewa puani.

Kisha daktari akanigeukia. "Mzee, miguu ilianza kuvimba kupita magoti lini?"

Nikasema, "Ngoja." Nikatoa daftari, nililifunga kwenye nailoni lisilowe. Nikafungua. Chura. Bwana Kijani. Chura. Mvua. Nikarudi nyuma nikaenda mbele, nikalamba kidole nikafungua tena, daktari kasimama ananingoja. Hamna. Najua alinijibu kila siku, kwa sababu kila siku nilimuuliza. Kila siku alisema imejaa kidogo, si kitu, na siku moja katikati ya siku hizo kidogo ilifika magotini, nyingine ikafika mapajani, na yeye anasema maneno yaleyale, na mimi sikuandika wala sikuinua gauni nitazame.

"Sijui," nikamwambia daktari.

Binti akachukua daftari mkononi mwangu. Nilidhani atanifokea, nilikuwa tayari. Kasoma ukurasa wa tarehe kumi na tatu. Kausoma, kaurudia, midomo ikitembea. "Nimeweka kichujio," akasoma kwa sauti ndogo. Rangi ikamtoka usoni.

Kaketi sakafuni pale koridoni, mgongo ukutani, kompyuta juu ya magoti. Kaandika, kabonyeza, kakitoa kichujio. Nikainama nitazame. Mistari ilianza kupanda kwenye kioo, mmoja, mwingine, kisha kama mvua ya bati.

Zamu haikuhifadhiwa. Zamu haikuhifadhiwa. Zamu haikuhifadhiwa. Zamu haikuhifadhiwa.

"Nini hii?" nikauliza.

"Ni watu, baba. Kila mstari ni mtu." Machozi yanamdondoka kwenye vitufe. "Programu ya kupokea inasema tiki, imepokea. Inayapeleka majina kwa ile ya kugawa viti. Ya kugawa imezidiwa, inauawa na majina mkononi. Inalia kwanza. Kila jina inalia. Lakini kilio ni kilekile, na mimi nimesema kilio kinachofanana nionyeshwe kimoja."

"Basi soma majina."

"Ya leo nitayaona. Ya nyuma yalikuwa ndani ya makontena yaliyokufa. Sikuyakusanya. Nimeyatupa mimi."

Nikaketi naye sakafuni. Magoti yangu sasa yamezoea.

Akampigia Bwana Kijani. Kwa mara ya kwanza hakungoja kuulizwa. Kamweleza. Upande wa pili ukajibu, "Sikiliza. Ongeza makontena, tengeneza, imekwisha. Kliniki waambie ni mvua, mtandao ulisumbua."

"Nikiwaambia ni mvua, bosi, watadhani waliopotea wamekwama tu njiani. Hakuna atakayewatafuta."

"Unajua unajiandikia nini?"

"Najua. Kichujio kina jina langu."

Kakata simu, katengeneza alichotengeneza, kisha kainuka kaenda kwa nesi na daktari. Nilimwona kupitia kioo cha mlango, anaongea mikono kaiweka nyuma kama mwanafunzi. Nesi kashika mdomo.

Mimi huyu mtoto nilikuwa namwona mkodoa macho. Neno hilo nimelifuta.

Ijumaa, Machi 29

Mke wangu yuko hai. Kalazwa. Daktari kasema moyo umechoka, maji yameukalia muda mrefu, asitarajie kurudi kama wa zamani. Nimesema hata mimi si wa zamani, tutalingana.

Kwa kuwa haijulikani nani alipotea, inabidi wapigiwe wote. Nesi, binti na mimi, tumegawana namba za simu kwenye chumba cha dawa. Nesi kanionya, "Mzee, usiwatanie." Nimejaribu. Wengine wanakuja kama kawaida, wananishangaa. Wengine wako hospitali kubwa, ng'ambo ya daraja. Mama mmoja kasema tangu akose ujumbe alidhani wamemkata kwa sababu ya uzee, akaona aibu kuuliza. Nikamwambia aje sasa hivi, hata na khanga ya kulalia. Kaja.

Kisha namba ya Fundi Cherehani. Nilifurahi, nikajiandalia tusi kabisa. Nikasema, "Wewe mwizi wa suruali."

Sauti ya mwanamke. "Nani mwenzangu?"

Nikajitambulisha, kinyozi, mume wa mama wa kiti cha jirani. "Ah, shemeji," akasema. "Kakutaja sana. Tulimzika Jumamosi."

Nikaitazama tena namba kwenye karatasi, labda nimekosea mtu.

"Alikuwa anangoja ujumbe," akasema. "Alikataa kuja bila kuitwa, kasema atamnyang'anya mwenzake kiti. Simu nilimtoa mkononi. Sasa jana jioni umeingia." Kanisomea, polepole, kama anayeuliza: "Njoo kesho, kiti cha sita." Kisha akasema, "Ndio nyie mmetuma?"

Binti alikuwa meza ya pili, kasikia. Kaninyooshea mkono nimpe simu. Sikutaka. Kaichukua. Kasema, "Mama, shikamoo. Mimi ndiye ninayetazama huo mfumo. Naomba nije nyumbani kwako." Kisha alisikiliza tu, muda mrefu, akisema ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Jumatatu, Aprili 1

Binti kaandika taarifa, jina lake juu, kichujio, kila kitu. Kaituma kliniki na kampuni kwa pamoja ili mmoja asimfiche mwenzake. Mchana kompyuta ikamkatalia neno la siri. Wamemfungia nje ya wingu lao. Kakaa mbele ya kioo cheusi akijitazama. Nikamwambia hata mbea anahitaji likizo. Kanilalia begani, mtoto mzima, kalia mpaka shati likalowa. Mvua nje nayo haikupumzika.

Jumatano, Aprili 3

Tumekwenda kwa mjane wa Fundi, mimi na binti. Binti kamweleza mwenyewe, bila kupunguza. Mjane hakufoka. Ingekuwa nafuu. Kasema tu, "Kwa hiyo alipiga kelele, ila ilifanana na ya wenzake." Binti kaitika kwa kichwa. Mjane hakutuaga, kaingia ndani. Tukiwa mlangoni karudi na suruali yangu, kaikunja vizuri. Mguu mmoja umepunguzwa na kushonwa, wa pili una pini.

Sitaipeleka kwa fundi mwingine.

Jumamosi, Aprili 6

Mke wangu karudi nyumbani. Nimemwinulia gauni, kanichapa kofi la mkono. Uvimbe: mguu wa kushoto mpaka nusu ya goti, wa kulia chini kidogo. Anaegemea mito mitatu.

Jumapili, Aprili 7

Kushoto nusu ya goti. Kulia chini kidogo. Mito mitatu. Ni yaleyale ya jana, nimeyaandika yote.

Jumatatu, Aprili 8

Kushoto nusu ya goti. Kulia chini kidogo. Mito mitatu. Ujumbe umeingia, binti kausoma mara mbili kwa sauti.

Jumanne, Aprili 9

Kliniki. Kiti cha sita kakaa yule mwanamume mwenye tai. Nimemshukuru, hakukumbuka kwa nini.

Kushoto juu ya goti leo. Mito minne. Daktari kauliza tangu lini, nikamwambia tangu leo asubuhi, jana ilikuwa chini. Kaandika, kabadilisha dawa.

Jioni mvua imepungua, matone tu kwenye ndoo. Mke wangu kaniona na daftari. "Bado unaandika, mzee?"

"Sema nikuandike."

"Andika miguu imejaa kidogo."

Nikaandika. "Si kitu?" nikamuuliza, kalamu nimeishikilia.

Kavuta pumzi, nyingine, nyingine. Binti kaacha kukunja nguo.

"Hapana," akasema. "Andika ni kitu."

Nimeandika.